Uliza Fundi: Mshono Umekaaje? Mikao ya kuchomelea, mwendo wa rodi na aina za viungo

Barua nyingi zilizotufikia tangu toleo lililopita zimetoka kwa wachomeleaji wa Mombasa na kwa watu waliowapa kazi, na ingawa waandishi wake hawajuani, karibu zote zinazunguka jambo moja: chuma kikiyeyuka huwa majimaji, na majimaji huteremka. Nimechagua nne na kuzifupisha bila kugeuza maana yake.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanagenzi wa mwaka wa pili katika karakana moja ya Changamwe. Juzi nilikwenda kufanyiwa majaribio kwenye yadi ya kutengeneza trela, nikaulizwa kama naiweza 3G. Nilidhani wanauliza kuhusu tabaka tatu, nikajibu kwamba naiweza. Nilipoonyeshwa bamba lililosimamishwa wima nilitahayari. Naomba unieleze maana ya namba hizi, na pia tofauti ya mkao wa "kulala" na mkao wa "mlalo", kwa sababu bosi wangu huyatumia maneno hayo kana kwamba ni neno moja. — Mwanagenzi, Changamwe

Marahaba, mwanangu. Ulichokosa siku ile si ustadi wa mkono bali lugha ya kazi, na lugha hiyo hujifunzwa upesi kuliko kazi yenyewe. Lishike hili kwanza: mkao wa kuchomelea hautajwi kwa namna fundi alivyosimama, alivyochuchumaa au alivyolala, bali kwa namna mshono wenyewe ulivyokaa. Fundi aliyelala chali chini ya lori akichomelea chesi, na mwenzake aliyesimama juu ya ngazi akichomelea sehemu ya ndani ya paa la kontena, wote wawili wamo katika mkao mmoja.

Namba 1 ni mkao wa chini, ambapo uso wa mshono unatazama juu nawe unaushukia kwa rodi, ule ufito wa chuma wenye ganda unaoyeyushwa na umeme. Dimbwi la chuma kilichoyeyuka hutulia kama uji kwenye sahani, na ndiyo sababu kila mwanafunzi huanzia hapo. Namba 2 ni mlalo: bamba limesimama, lakini mshono unakatiza kutoka kushoto kwenda kulia kama mstari wa upeo wa bahari uutazamapo kutoka Barabara ya Mama Ngina, ufukweni. Hapa dimbwi halitulii, bali hutaka kuteremkia bamba la chini, na fundi asipokuwa mwangalifu ukingo wa juu hubaki umemomonyoka ilhali ule wa chini umevimba. Namba 3 ni wima, mshono umesimama kama shina la mnazi, nawe ama unaupanda ama unaushuka. Namba 4 ni mkao wa juu ya kichwa, ambapo uso wa mshono unatazama chini na matone ya moto huitafuta kola ya shati lako. Bosi wako anapochanganya "kulala" na "mlalo" anachanganya namba 1 na namba 2, ambazo ni kazi mbili zenye hatari mbili tofauti. Kwa sababu hiyo mimi husema "mkao wa chini" kwa ile ya kwanza na kuliacha neno "mlalo" kwa ile ya pili peke yake.

Herufi inayofuata namba huonyesha aina ya mshono. G ni mshono wa mfereji, yaani kingo mbili zimeachiwa nafasi au zimechongwa ili chuma kijazwe katikati yake. F ni mshono wa kona, ule wenye umbo la pembetatu unaojazwa pale bamba moja linaposimama juu ya jingine au linapolilalia. Hapa pana mtego ambao nimewaona wanafunzi wengi wakinaswa nao. Weka bamba moja mezani, simamisha jingine juu yake kwa umbo la T, kisha waulize wenzako huo ni mkao gani. Wengi watakuambia ni 1F kwa kuwa kazi iko mezani na wao wanainamia. La, hiyo ni 2F, kwa maana chuma kitateremka kutoka bamba lililosimama kwenda lililolala. Ili iwe 1F kweli ni lazima uinamishe kazi nzima kwa nyuzi 45, mabamba mawili yafanye umbo la mtumbwi na mshono upite mahali penye mkuku.

Namba na herufi hizi ni za utaratibu wa Kimarekani. Ukipewa mchoro uliofuata utaratibu wa kimataifa wa ISO utakuta herufi tupu: PA ni mkao wa chini, PB ni ile kona ya mezani, PC ni mlalo, PE ni juu ya kichwa, PF ni wima kwenda juu na PG ni wima kwenda chini. Napendelea utaratibu huu wa pili kwa jambo moja, nalo ni kwamba umetenga kupanda na kushuka kuwa mikao miwili, na msomaji wa barua ifuatayo ataona kwa nini jambo hilo ni kubwa.

Kwa mabomba hesabu hubadilika kidogo. Katika 1G bomba limelala na linazungushwa, nawe unachomelea juu yake tu. Katika 2G limesimama na mshono unalizunguka kwa mlalo. Katika 5G limelala lakini limefungwa lisizunguke, hivyo katika duara moja utapitia juu ya kichwa, wima na chini. Na katika 6G limefungwa likiwa limeinama kwa nyuzi 45, kwa hiyo mkao unageuka karibu kila unaposogeza mkono. Kwa kawaida aliyefaulu 6G hukubaliwa kwa mikao mingine ya bomba, na aliyefaulu 3G na 4G hukubaliwa kwa mikao yote ya bamba. Basi omba mabaki ya bamba la milimita 10, yachonge kingo, yasimamishe, ufanye mazoezi mpaka mkono uzoee. Na siku utakapoulizwa tena kuhusu 3G, usijibu kabla ya kuuliza: ni ya kwenda juu au ya kwenda chini?

Mwalimu, mimi si fundi. Ninatengenezewa stendi ya tangi la maji la lita 2,000 hapa Bamburi, ya anglaini nene (vyuma vya pembe, vyenye umbo la L). Fundi anachomelea viungo vilivyo wima kutoka juu kwenda chini, na mshono wake ni laini na unapendeza. Mpwa wangu anayesomea uchomeleaji anasema kazi hiyo haifai na kwamba ni lazima kuanzia chini. Jirani yangu, mzee aliyewahi kufanya kazi ya mabomba, anasema wao walikuwa wakishuka siku zote. Nimwamini nani? — Mwenye Nyumba, Bamburi

Ndugu msomaji, kwa stendi ya tangi mwamini mpwa wako, ingawa jirani yako naye amekuambia kweli.

Tazama kinachotokea fundi anaposhuka. Uzito huvuta dimbwi la chuma upande uleule rodi inakokwenda, na huvuta pia yale mavi ya chuma, yaani takataka za ganda la rodi lililoyeyuka, yanayoelea juu yake. Vyote viwili hutaka kuitangulia rodi, na vikiitangulia, moto wa rodi unakuwa unapasha chuma kilichokwisha kuyeyuka badala ya kuchimba bamba lenyewe. Fundi hujiokoa kwa kwenda mbio ili asipitwe, lakini mbio hizo hulinyima bamba joto, na bamba nene lililonyimwa joto haliyeyuki. Mshono hukaa juu yake kama nta juu ya sahani. Anayepanda, kwa upande mwingine, hujenga kirafu kidogo cha chuma kilichoganda, akakanyagia hapo kujenga kingine, mavi ya chuma yakateremka nyuma yake bila kumzuia, na moto ukakutana na bamba tupu kila mara. Ni kazi ya polepole, ambayo hutaka umeme wa chini kidogo kuliko mkao wa chini, pengine kwa asilimia 10 hadi 15, rodi iliyoelekezwa juu kwa nyuzi chache tu, na mkono unaotua kidogo kila upande na kupita upesi katikati ili tumbo la mshono lisivimbe.

Kushuka si kosa siku zote. Kwenye bati la geti la milimita 1 au 1.5 ndiko kunakofaa, kwa sababu anayepanda atalitoboa. Na kwenye mabomba marefu, kama lile la kwanza la mafuta kutoka hapa Mombasa hadi Nairobi, safari ya kilomita 450 hivi, lililoanza kazi mwaka 1978, viungo ni vingi mno na kasi ni jambo la lazima. Kwa kazi za namna hiyo ziko rodi maalumu, kwa mfano E6010, ambazo moto wake huchimba kwa nguvu na mavi yake ni mepesi, na mafundi hupita tabaka juu ya tabaka ndani ya mfereji uliochongwa, kisha mishono ikakaguliwa. Hiyo ndiyo kweli ya jirani yako. Rodi iliyo mkononi mwa fundi wako karibu bila shaka ni E6013, rodi nzuri ya kila siku, lakini si ya kuichimba anglaini nene kwa kushuka.

Nayasema haya kwa uchungu. Nilipokuwa kijana nilitengeneza stendi ya tangi kwa mteja mmoja wa Majengo, na viungo vya wima nilivishusha, kwa sababu jua lilikuwa kali na mshono wa kushuka ulitoka laini kuliko ule wa kupanda. Miezi michache baadaye mguu mmoja ulifunguka, tangi likainama juu ya ua ambamo watoto walikuwa wakicheza, na ni kwa rehema ya Mungu tu kwamba mabomba ya maji yalilizuia lisianguke kabla ya kumwagwa. Nilipokichunguza kile kiungo niliona mstari mweusi wa mavi ya chuma umepita kwenye mzizi wa mshono, yaani sehemu yake ya ndani kabisa, kutoka juu mpaka chini, na kando yake, juu ya anglaini, mikwaruzo ya msumeno wangu mwenyewe ilikuwa bado inang'aa. Chuma ambacho alama za msumeno bado zinaonekana juu yake hakikuyeyuka hata kidogo. Tangi lako likijaa litakuwa na maji ya tani 2, na maji hayo yatakaa juu ya mishono hiyo usiku na mchana.

Mwombe fundi wako, kwa heshima, achukue vipande viwili vya anglaini ileile, avishikize kwa umbo la T, achomelee upande mmoja tu kwa namna anavyochomelea stendi, kisha vikipoa akipige nyundo kile kipande kilichosimama akielekeze upande wenye mshono mpaka kiinamie au kivunjike. Kikivunjika, tazameni ndani pamoja. Chuma kilichoshikana kweli huonyesha mvunjiko wenye chembechembe za kijivu mpaka kwenye mzizi. Ambacho hakikushikana huonyesha uso laini na mstari mweusi. Fundi muungwana hataikataa dakika kumi za jaribio hilo. Na mkikubaliana kutumia E7018, ambayo kwa kazi ya namna hii ndiyo ningeichagua mimi, ni lazima iwe kavu: pakiti ikishafunguliwa, rodi hizo hutakiwa kukaa katika oveni yake kwenye nyuzi 120 hadi 150 za sentigredi, kwa sababu unyevu wa hewa ya pwani huingia kwenye ganda lake, na haidrojeni inayotokana na unyevu huo huweza kuupasua mshono baada ya fundi kwenda zake.

Assalaam alaykum. Nyumba yetu iko Mji wa Kale, si mbali na maji. Ngazi ya chuma ya uani ina vidato vya bamba vilivyowekwa juu ya anglaini na kuchomelewa hapa na pale. Kutu inatoka katikati ya bamba na anglaini, rangi haikai, na sasa mabamba yamebinuka. Fundi ananishauri ninunue mabamba manene zaidi. Je, hilo litaondoa tatizo? — Mama wa Mji wa Kale

Wa alaykum salaam, mama. Halitaliondoa, litalichelewesha tu, nawe utakuwa umelipia chuma zaidi kwa kosa lilelile. Tatizo lako ni aina ya kiungo.

Viungo vya msingi ni vitano. Kuna cha ukingo kwa ukingo, ambapo mabamba mawili yamo katika uso mmoja na yanakutana kingo, cha kulaliana, ambapo moja limepanda juu ya jingine, cha T, cha pembe, kama kona ya sanduku, na cha kingo sambamba, ambapo mabamba mawili yamebanana kama kurasa za kitabu na yanachomelewa kwenye ncha. Hiki cha mwisho ni dhaifu na hutumika kwa kazi nyepesi. Cha pembe na cha T wanavijua wote waliowahi kutengeneza geti. Cha ukingo kwa ukingo ndicho kinachotaka matayarisho zaidi kuliko vyote: bamba la mpaka milimita 3 hivi laweza kuachwa bila kuchongwa, lakini lililo nene zaidi huchongwa ili mfereji uwe na nyuzi 60 hivi, na huachwa nafasi ya milimita 2 au 3 kwenye mzizi ili moto ufike upande wa pili.

Ngazi yako imetumia cha kulaliana. Mafundi hukipenda kwa kuwa hakitaki kuchongwa wala kukata kwa usahihi, na kwa nguvu hakina ubaya kikifuata kanuni, ambayo ni mabamba yapandane kwa angalau mara 5 ya unene wa lile jembamba, na kamwe yasipungue milimita 25, kisha kingo zote mbili zichomelewe. Lakini palipo na chumvi kina kasoro moja kubwa. Kati ya nyuso mbili zilizolaliana hubaki mwanya ambao brashi ya rangi haiufikii na jua haliukaushi, ilhali maji ya mvua na umande wenye chumvi ya bahari huufikia bila taabu pale ambapo mshono umeachwa wazi. Chuma kikigeuka kutu huhitaji nafasi kubwa zaidi kuliko kilivyohitaji kilipokuwa chuma, na kwa kuwa hakuna nafasi, kutu hujitengenezea kwa kulisukuma bamba. Ndiyo maana mabamba yako yamebinuka. Hayakubinuliwa na watu waliopita juu yake.

Usikubali mtu achomelee juu ya kutu hiyo ili "kuziba". Unyevu na kutu vilivyofungiwa humo vitatoa gesi wakati wa kuchomelea, mshono utajaa matundu, na matundu hayo yatakuwa milango ya maji. Vidato ving'olewe, anglaini isuguliwe mpaka chuma cheupe kionekane, kisha uchague moja kati ya njia mbili. Ya kwanza ni kuvirudisha kwa kulaliana, baada ya nyuso zinazokutana kusafishwa sawasawa, lakini safari hii mshono wa kona uzunguke kila ukingo bila kuacha pengo hata moja. Ya pili, ambayo mimi ningeifuata kwenye nyumba iliyo karibu na maji, ni kukikata kidato kikae katikati ya anglaini mbili na kukutana nazo kwa umbo la T, kichomelewe juu na chini mfululizo, ili kila uso uonekane na kila uso upakwe rangi. Kwa vyovyote vile, mwambie fundi agonge mavi yote ya chuma na kuusugua mshono kwa brashi ya waya kabla ya rangi, kwa maana rangi iliyopakwa juu ya ganda hilo hubanduka pamoja nalo. Na kama mabamba mapya yamepakwa zinki, zinki hiyo iondolewe mahali pa kuchomelea na kazi ifanywe penye hewa nyingi, kwani moshi wake humtia fundi homa ya kutetemeka usiku uleule.

Mwalimu, baada ya miaka mingi ya rodi nimenunua mashine ya waya na gesi. Karakana yangu iko Likoni, upande wa baharini. Mishono yangu ina vitundu kama mkate wa kumimina. Mwenzangu anasema ni kwa sababu ninaburuta kama nilivyozoea kwenye rodi, na kwamba mashine hii ni ya kusukuma tu. Ni kweli? — Fundi wa Likoni

Fundi mwenzangu, kuburuta ni kuuinamisha mkono ili ncha ya rodi au ya bastola (kile kishikio kinachotoa waya na gesi) itazame mshono uliokwisha kuuweka. Kusukuma ni kuielekeza mbele, unakokwenda. Rodi yenye ganda, isipokuwa unapopanda wima, huburutwa, kwa nyuzi 5 hadi 15 hivi, kwa sababu ukiisukuma mavi ya chuma hutangulia na kufukiwa ndani. Waya mtupu na gesi hauna mavi ya kuogopa, kwa hiyo huruhusu vyote viwili: ukisukuma unapata mshono mpana, bapa na usiozama sana, nawe unaona vizuri mbele, ukiburuta unapata mshono mwembamba, ulioinuka na uliozama zaidi. Kwenye alumini ni lazima usukume, ili moto utangulie kusafisha bamba chini ya ulinzi wa gesi. Lakini waya wenye unga ndani huacha mavi kama rodi, na huo huburutwa.

Kwa hiyo mwenzako amekosea kusema "tu", na hata ungesukuma kuanzia kesho, vitundu havitaondoka iwapo umeinamisha bastola kwa kiasi cha kawaida. Umeniambia kwamba karakana inatazama bahari. Upepo wa kilomita 8 hivi kwa saa, ambao ngozi yako yenye jasho huusikia kama burudani, hutosha kuipeperusha gesi inayolifunika dimbwi, na wakati wa kusi huko Likoni upepo huzidi hapo tangu asubuhi. Simamisha turubai au mabati upande unakotoka upepo, sogeza mdomo wa bastola karibu na kazi, safisha matone yaliyoganda ndani yake, kisha chomelea kipande kimoja kwa kuburuta na kingine kwa kusukuma, uvikate vyote viwili kwa msumeno, uvisugue kwa msasa na uvitazame ndani. Usiongeze gesi kupita kiasi ukidhani utaushinda upepo, kwa sababu gesi inayotoka kwa nguvu mno huchanganyika na hewa na kukurudishia vitundu vilevile.